Usimpe Mtu Mgongo

Nilipoingia chuo kikuu Kismayu nilikuwa na kanuni moja ya maisha, na hakuna mwalimu aliyenifundisha: usimpe mtu mgongo. Darasani nilichagua kona ya mwisho, ukuta nyuma yangu na ukuta ubavuni. Wenzangu walidhani mimi mvivu. Waliokuwa wavivu kweli walikuja kutaka kukaa nami, nikawakunjia uso mpaka wakahama wenyewe.

Kanuni hiyo ilitoka kwetu Chovai, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayu. Vita vilipoanza nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi. Watu wenye bunduki walishuka kisiwani, wakabeba mashine za mashua, nyavu, sufuria, hata magodoro ya watoto yenye harufu ya mkojo. Mmoja wao akaomba maji. Baba hakuwa na tabia ya kumnyima mtu maji, akageuka kwenda kuyachota mtungini, naye akapigwa kitako cha bunduki katikati ya mgongo. Hakufa, lakini hakuweza kuinama tena, na kwetu mwanamume asiyeweza kuinama hawezi kuvuta wavu wala kuunda mashua. Tulikimbilia Kenya, tukakaa kambini hadi nikamaliza shule huko, na kila nilipotoka mlangoni baba alinikumbusha, "Usimpe mchu mgongo." Neno hilo nililishika kuliko hesabu.

Kambi ilipofungwa wazee wangu walirudi kisiwani, mimi nikabaki Kismayu kwa shangazi, dada yake baba, ili nisomee ukunga. Sikuchagua mwenyewe. Wifi yangu, mke wa kaka, alijifungua salama pale Chovai, kisha damu ikakataa kusimama. Wakamlaza mashuani wamlete hospitali ya Kismayu, na alipofika alikuwa maiti. Mama alipomaliza kulia alisema mmoja wetu ataisoma kazi ile, akanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na cheti. Chuo nacho kilikuwa na sheria yake: ukifeli somo la uzazi mara ya pili, unafunga virago. Kisiwani hapakuwa na mwingine wa kupelekwa badala yangu.

Chuo chenyewe kilikuwa katika jengo lililowahi kuwa bohari ya ngozi, na mvua ikinyesha zile ngozi zilirudi puani. Langoni alikaa mlinzi na bunduki yake mapajani. Mji ulikuwa umebadilisha watawala mara nyingi, na kila aliyepita aliacha watu wake nyuma, kwa hiyo humo darasani hukujua ni nani jamaa wa nani. Kismayu mtu akikuuliza wewe ni nani, hataki jina lako. Anataka kujua una ukoo gani nyuma yako, na kama huna, akupime vizuri. Sisi Wabajuni tulikuwa tunapimika upesi sana.

Basi nilisoma peke yangu. Nilijifungia chumbani kwa shangazi, nikasoma sura moja mara hii na mara ile mpaka ukurasa ukawa kama wangu. Nilipiga mistari chini ya kila kitu kilichoonekana muhimu, na kwangu mimi kila kitu kilionekana muhimu. Sikumwazima mtu maelezo yangu wala sikuomba ya mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sikutaka mtu hata karibu na pindo la nguo yangu.

Nikafeli. Sikufeli kwa kutosoma, na hilo ndilo lililonichoma. Maswali yote niliyatambua. Niliyatambua kama unavyomtambua mtu wa mtaani ambaye mnakutana kila siku dukani, lakini akikuomba umtaje jina unabaki kutabasamu. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, nikamwambia shangazi kwamba mwalimu alinionea kwa sababu ya asili yangu. Shangazi alikuwa anapara samaki. Aliniuliza kama nilijibu sawasawa kisha nikakosolewa. Nikasema hapana. Akaendelea kupara samaki wake.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyerudi kutoka nchi za nje, mtu wa chupa ya chai yenye hiliki. Baada ya matokeo alitukusanya sote tuliofeli, na tulikuwa wengi, akatuambia tunasoma vibaya. Akasema kusoma tena na tena kunampa mtu raha ya kujua bila kujua. Tufunge vitabu, akasema, tujiulize, tuseme kwa sauti, tukosee, ndipo tufungue. Akataka tushikane wawiliwawili.

Nilimtilia shaka papo hapo. Mwalimu anayekwambia funga kitabu nilimwona sawa na mpishi anayekwambia usionje. Nikafikiri labda anavihurumia vitabu vyake, maana vilikuwa vichache na vilikwisha kulegea majalada. Na hiyo habari ya wawiliwawili niliipenda kidogo zaidi ya homa.

Lakini njiani kurudi nyumbani nilikumbuka kitu, nikakasirika zaidi, kwa sababu kilimpa mwalimu haki. Alichokuwa anatuambia, sisi watoto wa visiwani tulikuwa tukikifanya tangu hatujang'oa meno ya utoto. Chuo chetu cha Kurani tulikihamishia kambini pamoja na mwalimu wake na mbao zake. Ukishahifadhi aya zilizoandikwa kwenye ubao wako, ulimpa mwenzako ubao aushike, ukamgeuzia mgongo, ukasoma kwa moyo uso ukutani. Ukikosea, mwenzako aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole, mara moja tu. Hakuruhusiwa kukwambia kosa liko wapi. Ulirudi nyuma mwenyewe, neno kwa neno, ukalisaka mpaka ulipate. Aliyemnong'oneza mwenzake jibu alichapwa yeye. Ukishapita bila kugongewa, ndipo uliposhuka kwenda kuosha wino ubaoni uandikiwe mapya.

Basi nikaamua kugongewa. Nikamkalisha shangazi kwenye kigoda, nikampa kitabu cha ukunga, nikageukia ukuta. Shangazi ndiye mtu pekee Kismayu niliyeweza kumpa mgongo. Taabu ni kwamba kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na shangazi alikishika juu chini. Hata hivyo aligonga, na aligonga sana.

"Shangazi, hapo sikukosea."

"Sauti yako imelegea," akasema. "Mchu anayeyua kichu hasemi hivyo."

Nikafungua kitabu, na kumbe kweli nilikuwa nimeruka kitu. Nikamuuliza amejuaje.

"Hicho kitabu mimi siyui kichu chake. Wewe nakuyua."

Tulicheka, na kwa siku kadhaa nilidhani nimepata dawa. Halafu nikagundua upungufu wake. Shangazi aligonga pale tu nilipokuwa na wasiwasi. Nilipokosea kwa uhakika, kwa sauti kavu ya mtu anayejua, aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na kuniacha nipite na uongo wangu. Na makosa yangu mengi yalikuwa ya namna hiyo. Nilihitaji mtu aliyeweza kusoma kile kitabu.

Msichana wa bara alinifuata wiki hiyo hiyo, na ndiyo sababu sikumwamini. Alikuwa wa ukoo wenye nguvu mjini, na kaka yake alimleta chuoni kwa gari lenye vijana wenye silaha nyuma. Naye alikuwa amefeli. Alisimama mbele ya meza yangu ya kona akasema kwa Kisomali, "Abaayo, tusome pamoja." Aliniita dada, na neno hilo mdomoni mwake nilisikia kama mtego uliofunikwa majani.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa mimi nilisomeshwa kambini Kenya na yeye alisoma pale pale katikati ya milio ya risasi, darasa likifungwa na kufunguliwa. Sababu yake ilikuwa ya kweli na bado sikuridhika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka hata kabla ya kuuona ung'ongo wenyewe. Nikakubali kwa masharti: mchana tu, darasani tu, mlango wazi, na kila mtu amtazame mwenzake usoni. Akayakubali yote bila kuuliza, nikamshuku kwa kutouliza.

Siku ya kwanza, kabla hatujafungua kitabu, aliniuliza, "Nyumba yenu hapa mjini ilikuwa wapi?"

Mgeni anaweza kudhani hayo ni mazungumzo ya kawaida. Kismayu si hivyo. Waliokimbia waliacha nyumba, na waliobaki au waliokuja waliingia ndani yake. Kumuuliza Mbajuni nyumba yenu ilikuwa wapi ni kumuuliza kama amekuja kuidai. Na watu waliodai nyumba zao nilisikia yaliyowapata. Sisi tulikuwa nayo, nyuma ya msikiti wa zamani, yenye mlango wa buluu na komeo la mti alilolichonga babu. Sikuwahi kuipita tangu nirudi. Shangazi alinikataza. Alisema nikipita nitatazama, na nikitazama watanijua.

"Sisi hatukuwa na nyumba mjini," nikamwambia. "Sisi watu wa visiwani tu."

Alinitazama kwa muda, kisha akafungua kitabu. Nilihesabu mtazamo ule kuwa wa mtu aliyejua ninadanganya. Nilimwambia shangazi, naye akaniambia niache kusoma na mtu yule. Nikamuuliza nisome na nani. Mtihani wa pili ulikuwa unakuja.

Tukaendelea hivyo, macho kwa macho kama wauza mbuzi. Nilimfundisha kugonga, akapenda. Mimi nikimshikia kitabu, naligonga dawati, naye anarudi nyuma kusaka kosa lake. Alikuwa mkaidi, hakuniomba jibu hata mara moja. Ilipofika zamu yangu nilipita, karibu mara zote, bila kugongewa. Nilianza kujiona nimeiva. Nikianza kuteleza tu, nilijirekebisha kabla kidole chake hakijagusa mbao.

Siku moja akafunga kitabu katikati ya sentensi yangu.

"Unausoma uso wangu," akasema. "Nyusi zangu zikipanda unabadilisha jibu. Kichwani mwako hamna kitu."

Nilikasirika kwa kuwa alisema kweli. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kusoma nyuso za watu ambao ndugu zao wana bunduki, na nilikuwa nimekuwa bingwa. Kumbe ubingwa huo ndio uliokuwa unanifelisha. Akaniambia nigeuke, nimpe mgongo kama desturi yetu ilivyo, si mimi mwenyewe niliyemwambia? Nikakataa. Akauliza kwa nini. Nikachukua kitabu, nikajifanya natafuta ukurasa.

Hakuuliza tena. Aliinuka, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akaketi akinipa mgongo, akaanza kutaja dalili za kifafa cha mimba. Nilibaki na kitabu mkononi. Shungi lake lilikuwa limekazwa kwa pini ndogo, na mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio kama ya mtu anayesubiri kumwagiwa maji baridi. Alikuwa anaogopa. Sikuelewa mtu wa ukoo wake, mwenye kaka wa namna ile, anamwogopa nini binti wa Kibajuni. Mawazo yangu ya kwanza, na siyaonei haya kwa kuwa ndiyo yaliyonifikisha nilipo, yalikuwa kwamba anayekupa mgongo kwanza huenda anakutega utoe wako. Lakini alipokosea niligonga, akaruka juu ya kiti kwa mshtuko, akacheka, akarudi kulisaka kosa.

Kesho yake nikageuka na mimi. Sina maelezo mazuri ya kwa nini. Nilikuwa nataka kufaulu. Mgongo wangu wote ulikuwa unawaka, nilisikia kila kitambaa chake kilivyosogea, na nilikosea mambo niliyoyajua tangu mwanzo. Alinigongea na kunigongea. Kila mlio wa kidole chake ulinipasua moyo, kisha ukanipasua kidogo, na baada ya wiki nikawa nausikia kama mlango wa jirani. Sauti ile ikawa na maana moja tu kwangu: rudi nyuma, kuna kosa. Makosa yangu ya uhakika, yale yaliyompita shangazi, yalianza kufa moja moja.

Siku ya mtihani mji ulikuwa haukukaa vizuri. Maduka yalifunguliwa nusu. Mwalimu alisema hana hakika kama kutakuwa na chuo wiki inayofuata, kwa hiyo hatusubiri karatasi, atatuuliza kwa mdomo, mmoja mmoja, mbele ya wote. Jina langu lilipofika nilisimama mbele ya meza yake nikauona uso wake, na nikajua nikiutazama nitaanza kuusoma.

"Mwalimu, naomba nigeukie ukuta."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, akasema geuka. Basi nikawapa mgongo wote: darasa zima lisilojulikana nani jamaa wa nani, na mlinzi langoni na kile alichokipakata. Baba angeniona angenivuta sikio.

Akaniuliza habari ya mama aliyekwisha kujifungua, kondo la nyuma halijatoka, damu inashuka. Nitafanya nini. Nilimwona wifi yangu mashuani. Nikaanza kutaja, kwa sauti kavu ya mtu anayejua: ninaita msaada, ninatazama kibofu, ninampa sindano, ninashika kitovu ninavuta taratibu.

Pakasikika mlio mmoja wa kugonga nyuma yangu, mkavu, karibu sana.

Nikarudi nyuma. Nilifanya hivyo bila kuwaza, kama mguu unavyotafuta ngazi. Nikapita neno kwa neno: msaada, kibofu, sindano, kitovu. Hapo. "Hapana," nikasema. "Sivuti bado. Kwanza naweka mkono tumboni kuhakikisha tumbo la uzazi limekaza. Likikaza ndipo ninavuta, na mkono mwingine unalizuia kwa juu. Nikivuta likiwa limelegea linaweza kupinduka likatoka nje, na mama akafa."

Nikangoja. Kimya kilikuwa kikubwa mno kwa darasa lililojaa watu.

"Jibu ni sahihi," sauti ya mwalimu ikatoka mahali pa chini sana. "Sasa lala chini."

Nikageuka. Darasa zima lilikuwa sakafuni, mwalimu yuko chini ya meza na chupa yake ya chai imepinduka. Ilikuwa risasi. Nyingine zikafuata huko nje, nyingi, na mkono ukanikamata buibui ukanivuta nikaanguka kifudifudi. Alikuwa mwenzangu wa bara. Alinilalia nusu, mkono wake juu ya mgongo wangu, pale pale kwenye mfupa ambapo baba alipigwa. Kwa mara ya kwanza tangu tukimbie Chovai sikutaka mkono wa mtu uondoke mgongoni mwangu.

"Nyumba yenu ilikuwa wapi?" akaninong'oneza sikioni. Huko nje kuta zilikuwa zinamegeka, na yeye anauliza hilo.

Nikamwambia. Nyuma ya msikiti wa zamani, mlango wa buluu, komeo la mti.

Pumzi ikamtoka, ndefu, nikaisikia shingoni. "Si tunayokaa sisi," akasema. "Mama yangu, kila Mbajuni akipita dirishani, hujificha. Nilitaka tu kujua kama ni yako."

Basi kumbe alikuwa ananichunguza kweli, tangu siku ya kwanza. Sikukosea hata kidogo. Nilichokosea ni kudhani mwenye hofu ni mimi peke yangu. Na nyumba waliyokaa ilikuwa ya mtu, kama si yangu ya mwingine aliyekimbia, hilo sote wawili tulilijua tukiwa tumelala pale, na hatukulisema.

Tulifaulu. Chuo kilifungwa kwa muda mrefu, na safari hii yeye na jamaa zake ndio waliokimbilia Kenya, mimi nikavuka kurudi Chovai. Nimewapokea watoto wengi pale, na wanawake ambao damu ilikataa kusimama nimeweka mkono tumboni mwao kwanza, kabla ya kugusa kitovu, na wapo hai wananibishia bei ya samaki.

Nikija Kismayu kuchukua dawa napita karibu na msikiti ule wa zamani. Ni hatua chache kuzunguka nyuma yake, kumuuliza mwenye duka la soda ni nani waliokuwa wakikaa kwenye mlango wa buluu miaka ile, nikajua kama mwenzangu wa bara aliniambia kweli au alinidanganya kama nilivyomdanganya mimi. Na mimi ni mtu wa kunusa maziwa mara mbili kabla ya kuyanywa. Shangazi hunitazama usoni nikirudi, aone kama nimekwenda. Sijakwenda. Napita njia yangu na mzigo wangu wa dawa, na mlango ule nimeupa mgongo.